Je, Wajua? Ambedkar, Mbunge Aliyesomea Juu ya Gunia

Je, wajua kwamba mwenyekiti wa kamati iliyoandika Katiba ya India alikuwa mtoto asiyeruhusiwa kugusa bomba la maji shuleni kwake? Ni Bhimrao Ramji Ambedkar, aliyezaliwa tarehe 14 Aprili 1891 katika mji wa kijeshi wa Mhow, mtoto wa 14 na kitinda mimba. Baba yake alikuwa mwanajeshi mwenye cheo katika jeshi la Waingereza, lakini cheo hakikusaidia kitu. Familia ilikuwa ya jamii ya Mahar, na Mahar walihesabiwa kuwa watu wasioguswa.

Darasani Bhimrao alikaa peke yake juu ya gunia. Jioni alilibeba akarudi nalo nyumbani, maana hata mfagiaji wa shule hakukubali kuligusa! Akishikwa na kiu alimngoja tarishi aje amfungulie bomba, na siku tarishi asipokuwapo, kijana alishinda na kiu yake.

Sogea karibu, hiki kisa kitakushangaza. Mwaka 1901, Bhimrao akiwa na miaka tisa, watoto wanne wa familia walipanda treni kumfuata baba yao kazini Koregaon, wamevaa nguo mpya na wana furaha tele. Walishuka kituoni wasimwone baba, kwa sababu barua ya kumjulisha haikumfikia. Mkuu wa kituo aliwaonea huruma mpaka aliposikia kwamba wao ni Mahar. Hapohapo akarudi nyuma hatua kadhaa.

Wenye mikokoteni ya ng'ombe nao wakakataa kuwabeba. Mmoja akakubali mwishowe, kwa sharti la nauli maradufu na watoto waendeshe wenyewe, yeye atembee kando asije akachafuka! Walisafiri mpaka usiku wa manane, wakalala njiani wakiwa na chakula tele kwenye vyombo, lakini tone la maji hawakupewa na mtu njia nzima. Hebu jaribu kumeza tonge kwa koo kavu, halafu uwe na miaka tisa.

Wajua kwamba mtoto huyo alikuja kupata shahada mbili za udaktari kutoka vyuo vikuu viwili vya mabara mawili? Mwaka 1913, akiwa na miaka 22, alifika Chuo Kikuu cha Columbia, New York, kwa ufadhili wa mtawala wa Baroda. Alifundishwa na mwanafalsafa John Dewey. Kisha akaenda London kusomea uchumi, na wakati huohuo akasomea uwakili Gray's Inn. Nani mwingine unayemjua mwenye njaa ya vitabu namna hiyo?

Na vitabu vyake vilikwenda wapi? Baharini! Mwaka 1917 alipokuwa akirudi India, shehena ya vitabu vyake ilipakiwa kwenye meli nyingine, na meli hiyo ikazamishwa na nyambizi ya Wajerumani. Alirudi nyumbani na elimu ya kichwani tu.

Alikwenda Baroda kumtumikia mfadhili wake, na je, wajua kwamba msomi huyu wa Columbia alikosa hata chumba cha kupanga? Alijipenyeza kwenye nyumba ya wageni ya Waparsi, mpaka siku kundi la wanaume wenye fimbo lilipomfuata mlangoni na kumwamuru aondoke. Alikaa bustanini, mizigo yake kando, akingoja treni ya usiku ya kurudi Bombay. Huko Bombay akawa profesa wa Chuo cha Sydenham. Wanafunzi walimpenda, ila baadhi ya maprofesa wenzake walimkataza kunywa maji kwenye mtungi wao wa pamoja. Maji tena!

Basi sasa utaelewa kwa nini vita yake ya kwanza kubwa ilikuwa ya kunywa maji. Tarehe 20 Machi 1927, katika mji mdogo wa Mahad, aliongoza maelfu ya watu hadi kwenye bwawa la Chavdar. Akainama, akachota kwa kiganja, akanywa, na umati ukanywa nyuma yake. Kisheria hawakuwa na kosa hata kidogo: Baraza la Kutunga Sheria la Bombay lilikwisha kuyafungua maji ya umma kwa watu wote tangu 1923, na halmashauri ya mji wenyewe ilikwisha kukubali.

Walipigwa hata hivyo. Halafu Wahindu wa matabaka ya juu wakalitakasa bwawa kwa kumimina vyungu 108 vya maji yaliyochanganywa na maziwa ya mgando, kinyesi cha ng'ombe na mkojo wa ng'ombe! Yaani kwao mkojo wa ng'ombe ulikuwa safi kuliko kiganja cha binadamu. Kesi ikaenda mahakamani, ikachukua takriban miaka 10, na mwaka 1937 Mahakama Kuu ya Bombay ikaamua kwamba maji yale ni haki ya wote.

Ngoja, Mahad haijaisha. Desemba ya mwaka uleule walirudi kufanya mkutano wa pili, wakakosa uwanja, na Mwislamu mmoja ndiye aliyewapa kiwanja chake. Tarehe 25 Desemba 1927 wakachoma moto hadharani Manusmriti, kitabu cha kale kilichotumiwa kuhalalisha matabaka. Aliyewasilisha hoja ya kukichoma alikuwa nani? Brahmin, mtu wa tabaka la juu kabisa, rafiki wa Ambedkar!

Mwaka huohuo wa 1927 ndipo maisha yake ya kutunga sheria yalipoanza. Aliteuliwa kuingia Baraza la Bombay, na mwaka 1928 alisimama kuunga mkono mswada wa kuwapa wafanyakazi wa kike mapumziko yenye malipo wakati wa uzazi. Hesabu mwenyewe ni miaka mingapi iliyopita, halafu uangalie ni wangapi bado wanaipigania leo.

Wajua kuwa aligombana na Mahatma Gandhi? Tena si mara moja! Ugomvi mkubwa ulikuwa 1932. Waingereza walitaka kuwapa wasioguswa viti 71 katika mabaraza ya majimbo, wakiwachagua wajumbe wao katika uchaguzi wa peke yao. Gandhi akasema hilo litawapasua Wahindu, akagoma kula akiwa gerezani. Ambedkar akabanwa na nchi nzima, maana kama mzee angekufa, damu ingekuwa juu yake na juu ya watu wake. Tarehe 24 Septemba akatia sahihi Mapatano ya Poona, na viti 71 vikapanda hadi 148, ila kura ikawa ya pamoja na Wahindu wengine. Kwa maoni yangu hakuna mwanasiasa wa zama zile aliyewahi kubanwa pabaya kuliko pale, na yeye mwenyewe hakuacha kuwa na uchungu na kura ile ya pamoja.

Na hotuba isiyosomwa je? Mwaka 1936 chama kimoja cha wapenda mageuzi cha Lahore kilimwalika kuzungumzia matabaka. Kilipoona maandishi yake mapema kikaogopa, na mkutano ukafutwa. Ambedkar akaichapa hotuba kwa gharama zake, nakala 1,500, na ndani ya miezi miwili zikaisha zote! Inaitwa Annihilation of Caste, na inasomwa mpaka leo.

Shika na hii. Kuanzia 1942 hadi 1946 alikuwa mjumbe wa Baraza la Utendaji la Gavana Mkuu, akishughulikia masuala ya kazi. Idara yake ilibeba pia umwagiliaji na umeme, na chini yake ndipo mipango ya kulidhibiti bonde la mto Damodar, maarufu kwa mafuriko, ilipopikwa. Yule mtoto aliyelala njiani bila tone la maji akawa anapanga mito ya India! Nikifika hapa kila mara husimama kwanza.

Sasa tuingie kwenye Katiba. Wajua kwamba nusura asiwemo kabisa? Mwaka 1946 alikosa nafasi kupitia Bombay, akaingia Bunge Maalumu la Katiba kupitia Bengal, kwa juhudi za mwanasiasa wa wasioguswa aitwaye Jogendranath Mandal. Mwaka uliofuata India ikagawanywa, eneo lililomchagua likaangukia Pakistan, na kiti kikapotea. Waliomrudisha kupitia Bombay ni wapinzani wake wa miaka mingi, chama cha Congress!

Tarehe 29 Agosti 1947 kamati ya uandishi iliundwa, watu saba, yeye akawa mwenyekiti. Mmoja alijiuzulu, mmoja akafariki, mwingine alikuwa Marekani, wengine walikuwa mbali na Delhi au wana shughuli nyingine. Mjumbe mwenzao T. T. Krishnamachari alilieleza Bunge waziwazi kwamba mzigo ulimwangukia Ambedkar. Naye alikuwa mgonjwa wa kisukari!

Tega sikio, tarakimu zinakuja. Kazi ya Bunge lile ilichukua miaka 2, miezi 11 na siku 17. Marekebisho yaliyopelekwa mezani yalikuwa takriban 7,600, na 2,473 yakajadiliwa kweli, Ambedkar akisimama kujibu hoja moja baada ya nyingine. Tarehe 26 Novemba 1949 Katiba ikapitishwa ikiwa na ibara 395, na mpaka leo hakuna taifa lenye katiba iliyoandikwa ndefu kuliko hiyo. Nakala ya asili ya Kiingereza iliandikwa yote kwa mkono na Prem Behari Narain Raizada, bingwa wa hati nzuri, naye hakutaka malipo. Alichoomba ni jina lake liwepo kwenye kila ukurasa. Nani angemnyima?

Katika ibara zote hizo 395 itafute ya 17, fupi kuliko tangazo la ukutani. Inafuta utaratibu wa kutoguswa, na kufanya kumtenga mtu kwa sababu hiyo kuwa kosa la jinai.

Lakini ukiniuliza mimi, ukubwa wake kama mbunge hauko kwenye Katiba. Uko kwenye kujiuzulu kwake. Akiwa Waziri wa Sheria wa kwanza wa India huru alisukuma mswada wa sheria za familia za Kihindu, ili mwanamke arithi, aweze kudai talaka, na mume asioe wake wengi. Wahafidhina wakaupinga ndani na nje ya Bunge, serikali ikalegea, mswada ukawekwa kando. Septemba 1951 Ambedkar akaandika barua, akaachia uwaziri. Ni mawaziri wangapi umewaona wakiacha gari na ofisi kwa ajili ya urithi wa wanawake? Na mswada wenyewe haukufa: mwaka 1955 na 1956 ulirudi ukiwa umekatwa vipande vinne, na vyote vinne vikawa sheria.

Wapiga kura walimlipaje? Walimwangusha! Katika uchaguzi mkuu wa kwanza, 1952, alishindwa Bombay na Narayan Kajrolkar, mtu ambaye wengi hawakuwa wakimjua. Akajaribu tena uchaguzi mdogo wa Bhandara mwaka 1954, akashindwa tena. Hakuwahi kuingia baraza la chini la Bunge. Nafasi aliyoipata ni ya baraza la juu, Rajya Sabha, na humo ndimo alimokaa mpaka kufa.

Na humo alisema neno lililowaduwaza wote. Septemba 1953, mbunge huyu anayesifiwa kwa Katiba alitamka kwamba yeye mwenyewe angekuwa mtu wa kwanza kuichoma moto! Baadaye alipoulizwa alifafanua: walijenga hekalu ili mungu akae humo, na kabla mungu hajaingia, shetani akalikalia.

Wajua kwamba mwaka 1935 aliapa hadharani, katika mji wa Yeola, kwamba amezaliwa Mhindu lakini hatakufa Mhindu? Alisubiri miaka 21. Tarehe 14 Oktoba 1956, mjini Nagpur, aliingia dini ya Buddha pamoja na mkewe Savita, aliyekuwa daktari, na mamia ya maelfu ya watu wakaingia naye. Sensa ya 1951 ilikuwa imehesabu Wabuddha kama 180,000 katika India nzima. Sensa ya 1961 iliwakuta zaidi ya milioni 3!

Alifariki usingizini mjini Delhi tarehe 6 Desemba 1956, majuma saba na ushee baada ya Nagpur. Kitabu chake juu ya Buddha kilitoka mwaka uliofuata. Nishani kubwa kuliko zote za India, Bharat Ratna, alipewa mwaka 1990, miaka 34 baada ya kufa! Nyumba aliyopanga London akiwa mwanafunzi ilinunuliwa na serikali ya jimbo la Maharashtra mwaka 2015, na sasa ni makumbusho yake.

Basi nakuomba kitu kimoja, msomaji. Tafuta hotuba aliyoitoa tarehe 25 Novemba 1949, siku moja kabla ya Katiba kupitishwa. Alionya kwamba wananchi watakuwa sawa kwenye sanduku la kura na hawatakuwa sawa maishani, na kwamba kuwaabudu viongozi ni njia ya hakika ya kuingia udikteta. Isome yote, kisha mpe na jirani yako aisome.