Washairi wa Ujiji na Fumbo la Mzigo



Ndugu msomaji, makala hii imetokana na malalamiko. Wakati wa mazoezi ya Maulidi tuliwafundisha wanafunzi wa darasa la juu namna ya kuhesabu mizani na kupanga vina, ili nao watunge badala ya kukariri tu. Mzee mmoja, mzazi, alikuja kutuona baada ya swala ya Alasiri. Alisalimu vizuri, akakaa, kisha akasema: "Ustadh, mimi nimemleta mtoto asome Qur'ani. Sasa nyumbani anahesabu vidole, ananiambia eti ni mizani. Na washairi si wamelaumiwa ndani ya Qur'ani?"

Swali lake ni la haki, na tulimjibu kama tunavyoandika hapa. Ni kweli, mwisho wa Surat Ash-Shu'araa, sura ya 26, washairi wanaofuatwa na wapotofu wamelaumiwa, wale wanaotangatanga katika kila bonde na kusema wasiyoyatenda. Lakini aya ya 227 inawatoa katika lawama hiyo walioamini, wakatenda mema na kumkumbuka Allah kwa wingi. Mtume (S.A.W.) alikuwa na mshairi wake, Hassan bin Thabit (R.A.), aliyewekewa mimbari msikitini ili amtetee kwa mashairi. Na katika Hadithi iliyopokewa na Bukhari tunafahamishwa kwamba katika mashairi mna hekima. Kwa hiyo cha kuangaliwa ni kile kinachobebwa na shairi, na mbebaji ni nani.

Mzee hakuondoka. Akauliza: "Hao wa pwani sawa. Huku kwetu bara tuna washairi gani?" Hapo ndipo tulipofurahi, kwani jibu lipo kwenye njia ile ile ya misafara iliyoujenga mji huu wa Tabora.

Njia hiyo ilianza Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Ugogo, ikafika Unyanyembe, yaani kwetu, kisha ikaendelea hadi Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika. Wazungu Burton na Speke walipofika Tabora mwaka 1857 waliwakuta Waarabu wamekwisha kukaa. Walioishi mjini hapa wanaijua tembe ya Kwihara, ambako Livingstone na Stanley walikaa mwaka 1872. Njia ilipitisha nguo na shanga kwenda bara, na pembe za ndovu kwenda pwani. Ilipitisha pia watumwa, na tusilifiche hilo kwa watoto wetu. Pamoja na mizigo hiyo ilipita lugha ya Kiswahili, ambayo haikuwa na uzito wala haikutozwa hongo na watemi wa njiani. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, misafara ilikoma, lakini lugha ilikuwa imekwisha kuota mizizi.

Matunda yake yakaonekana Ujiji. Pale alizaliwa mwaka 1924 Sheikh Kaluta Amri Abedi, ambaye baadaye alisoma hapa hapa Tabora. Wengi mnalisikia jina lake redioni kila timu zinapocheza Arusha, kwenye Uwanja wa Sheikh Amri Abeid, na wapo wanaodhani kuwa ni Mzee Karume wa Zanzibar. Sivyo, huyu ni mtu wa Ujiji. Mwaka 1954 alitoa kitabu chake Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri, mwaka 1960 akawa Meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam, mwaka 1963 Waziri wa Sheria, na Oktoba 1964 akafariki akiwa Ujerumani, umri wake kama miaka 40 tu. Alikuwa wa Jumuiya ya Ahmadiyya, na katika itikadi hiyo sisi hatuko pamoja naye. Lakini fani yake ya ushairi tunaisoma, na anayetaka kujua mizani ni nini hawezi kumruka.

Mwingine wa Ujiji ni Saadan Abdu Kandoro. Huyu alikuwa kiongozi wa chama cha TAA huko Mwanza, Jimbo la Ziwa, na tarehe 7 Julai 1954 alikuwemo miongoni mwa waasisi 17 wa TANU mjini Dar es Salaam. Mwaka wa Uhuru, 1961, alitoa kitabu Mwito wa Uhuru, ambamo siasa na mashairi vimekaa pamoja. Baadaye yakaja Mashairi ya Saadani mwaka 1972, na mwaka 1978 Liwazo la Ujane. Tazameni jina hilo la mwisho. Ujane ni hali ya kukosa mwenzi, liwazo ni maneno ya kumtuliza mwenye huzuni. Aliyeandika habari za kudai nchi hakuona aibu kuandika habari za moyo uliobaki peke yake.

Shairi lake tunalopenda kuwaeleza wanafunzi ni Siafu Wamekazana. Siafu, wadudu wadogo, wanamkabili nyoka mwenye sumu. Siafu mmoja si kitu, nyoka hata hamuoni, ila wakikazana wote, sumu yake haimfai. Mtoto akilisikia anacheka, maana siafu anawajua, wamewahi kumpandia miguuni. Mtu mzima wa zama za ukoloni akilisikia alijua nyoka ni nani. Hilo ndilo fumbo. Aliyesimama hadharani na kumtaja mtawala kwa jina angeweza kuitwa bomani kesho yake, lakini ni hakimu gani atamshitaki mtu kwa kuwasifu siafu?

Basi ucheshi wa washairi hawa si wa kupitisha wakati. Mshairi anasema nusu, nusu ya pili anaimaliza msikilizaji kichwani mwake, na neno ulilolimaliza mwenyewe si rahisi kulisahau.

Na kwa nini lifungwe kwa vina na mizani? Sheikh Amri alishikilia kwamba shairi lisiloimbika lina kosa. Wengine walimpinga. Euphrase Kezilahabi alitoa Kichomi mwaka 1974, na Mulokozi na Kahigi wakatoa Malenga wa Bara mwaka 1976, humo mkiwa na mashairi yaliyovunja minyororo ya vina. Walidai uhuru wa mshairi. Kandoro, ambaye uhuru aliupigania kwelikweli, akasimama upande wa kanuni katika kitabu chake Ushahidi wa Mashairi ya Kiswahili na Lugha Yake, mwaka 1978. Sisi tuko upande wake, pengine kwa sababu ni walimu wa tajwidi. Msomaji wa Qur'ani hajifungi kwa kushika madda na ghunna, na anayezijua husoma bila wasiwasi.

Tukamwonyesha mzee beti lililotungwa na darasa kuhusu mpagazi wa misafara, mtu aliyetembea miezi na mzigo wa frasila mbili hivi, yaani kilo 30 na zaidi. Kila kipande kina mizani nane:

Mzigo mzito ndugu, umenikaa kichwani,
Nyayo zimeota sugu, nyikani hata mjini,
Nimepita na magugu, na miiba ya porini,
Mwenye mzigo ni nani, na mwenye kichwa ni nani?

Mzee alilisoma mara mbili, midomo ikitikisika. Tukadhani atauliza tena habari ya halali na haramu. Akasema: "Limekosewa. Wanyamwezi hawakubeba kichwani. Walibeba begani. Babu yangu alikuwa na kinundu hapa," akajigusa karibu na shingo.

Tukahesabu naye vidole, mzee wa watu, pale barazani. Umenikaa begani: nane. Na mwenye bega ni nani: nane. Mizani imekaa, vina vimekaa, na historia imekaa pia. Tukataka kubadilisha papo hapo, lakini wanafunzi wakagawanyika. Kundi moja likasema mzee amesema kweli, na mshairi asiseme uongo hata kwa ajili ya utamu. Kundi la pili, likiongozwa na binti mmoja asiyeshindwa kwa hoja, likasema bega huuma tu, kichwa ndicho chenye akili. Tukiuliza mwenye kichwa ni nani, tunauliza kama mpagazi aliruhusiwa kuwaza. Mzee akamtazama binti yule, akacheka hata machozi yakamtoka, lakini hakukubali. Mpaka sasa kila wakikutana mlangoni, mmoja husema "bega" na mwingine hujibu "kichwa".

Sisi walimu hatujaamua. Beti tumelichapa kama lilivyotungwa, na sahihisho la mzee tumeliandika hapo juu. Beti la pili bado halijapatikana. Mpagazi ameuliza, basi tunataka beti ambamo mwenye mzigo anajibu, kwa mizani ile ile ya nane kwa nane na vina vile vile vya gu na ni, akijitetea kwa ujanja kadiri awezavyo. Wanafunzi, wazazi na babu zetu wote wanakaribishwa. Ziletwe kwa mwalimu wa darasa kabla ya likizo ya Ramadhani, jina na darasa viandikwe nyuma ya karatasi.