Baridi ya Kasigau na Makaburi ya Malindi

Msafiri wa Pwani aendaye bara, akishaondoka Mackinnon Road pale penye kaburi la Seyyid Baghali na kukaribia Maungu, huona mlima mkono wake wa kushoto. Umesimama pweke katikati ya nyika, hauna ndugu karibu, na kilele chake mara nyingi kimevikwa kilemba cha wingu. Huo ndio Kasigau. Wenyewe huliandika jina hilo Kasighau, na hiyo gh yao ni ghaini sahihi kabisa, ya kumfurahisha mwalimu wa chuoni. Sisi tunaoipita njia ile tumeuona mlima huo tangu utotoni, kwa basi na kwa treni, tukamenya machungwa yetu dirishani na kuendelea na safari. Sijapata kumsikia mtu wa Mombasa akisema, "Leo nashuka Maungu, nakwenda kuupanda."

Mwezi wa Julai mwaka huu tulishuka. Ilikuwa katikati ya kipupwe, wakati ambapo hata Mombasa mtu hujifunika shuka usiku na wazee hukohoa barazani. Mpenzi msomaji huenda akauliza: mlima wenye urefu wa mita 1,641, na baridi hii, watu wenye mvi wanatafuta nini huko juu? Tulikuwa wanne. Nahodha mmoja wa Mji wa Kale ambaye siku hizi bahari anaitazama tu, mwalimu mstaafu wa Malindi, mpwa wangu aliyetuendesha, na mimi. Nahodha alikuja kwa sababu hajapata kukataa safari. Mpwa wangu alikuja kwa sababu gari ni lake. Mwalimu ndiye aliyeshikilia kwamba twende, tena twende wakati wa baridi na si wakati mwingine. Alikuwa na sababu yake, nami nitaifikia.

Tuliondoka baada ya swala ya Alfajiri. Kutoka Maungu ni njia ya vumbi jekundu, zaidi ya kilomita 30, kupita katika pori la miiba ambalo ndovu hulitumia kama ushoroba kati ya Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi. Pori hilo, tangu mwaka 2011, linauzwa hewa yake: kampuni za ng'ambo hulipa ili miti isikatwe, na hesabu ya moshi wao ipungue. Biashara hiyo sisi wauza nazi hatukuijua. Vijiji vitano vimeuzunguka mlima kama watoto waliomzunguka mama: Rukanga, Jora, Bungule, Makwasinyi na Kiteghe. Tulifikia Rukanga mnamo saa tatu, tukapokewa kwa chai, tukaonyeshwa vikapu vya katani ambavyo akina mama wa huko wanasifika kwa kuvisuka, kisha tukakabidhiwa kwa mzee mmoja wa miaka sabini na ushei, mwembamba kama fimbo yake, aliyevaa koti zito la sufu.

Mpwa wangu alikuwa na fulana tu.

"Kijana," mzee alimwambia, "hapa chini ni kwenu. Huko juu ni kwetu. Vaa."

Mguu wa mlima ni mkavu. Mibuyu michache, michongoma, mawe ya kuteleza, jua linaloanza kuuma. Mita elfu moja za kupanda zinakungoja, na mtu ambaye kupanda kwake kote ni ngazi za Ngome ya Yesu hutambua upesi kuwa mapafu yake ni ya baharini. Tulipumzika mara nyingi kuliko ninavyotaka kuandika. Nahodha peke yake hakulalamika. Alipanda polepole, hatua moja moja, kama mtu anayepanda mlingoti na hana haraka ya kushuka.

Kisha, baada ya saa mbili hivi, jua likazimika. Sina neno jingine. Tuliingia katika msitu na msitu ulikuwa ndani ya wingu. Miti ilikuwa imevaa kuvumwani kuanzia shina hadi tawi la mwisho, mfano wa wazee wenye ndevu za kijani, na ingawa hapakuwa na mvua, kila jani lilikuwa likidondosha maji. Kima walitulilia kutoka juu bila ya kuonekana. Maji hayo yadondokayo, mzee alitueleza, ndiyo wanayokunywa vijijini. Yanakusanyika kwenye chemchemi na kuteremshwa kwa mabomba. Nyika inayouzunguka mlima haina mto wa kutegemewa. Wingu ndilo mto wao.

Nahodha alisimama, akanyosha shingo, akanusa hewa.

"Huu ni upepo wetu," alisema. "Huu ni kusi."

Na alisema kweli. Upepo wa kusi unaosukuma bahari yetu Julai yote, unaowafungia wavuvi majumbani, huingia bara ukiwa umebeba unyevu wa bahari, ukavuka nyika tambarare bila ya kizuizi cha maana. Ukifika hapa hukutana na ukuta. Hupanda kwa lazima, na ukipanda hupoa, na ukipoa huachilia ulichokibeba. Kwa hiyo baridi ile iliyotufanya tutetemeke kama vifaranga ilitoka kwetu wenyewe. Ilipita Mombasa juu ya vichwa vyetu ikaja kusubiri hapa.

Hapa niruhusiwe kuchepuka kidogo, maana neno hili baridi lina kisa chake katika nchi hii. Mwezi wa Oktoba 1847 mmisionari Johannes Rebmann alitoka Rabai akaja mpaka mlima huu huu. Katika maandishi yao wamisionari waliuita Kadiaro. Mwaka uliofuata alisafiri mbali zaidi, mpaka Uchagani, msafara wake ukiongozwa na Mswahili jina lake Bwana Kheri, mtu aliyezijua njia za bara. Tarehe 11 Mei 1848 Rebmann aliona weupe juu ya Kilimanjaro. Alimwuliza kiongozi wake kitu kile ni nini, naye akamjibu kwa neno moja: baridi. Wataalamu wa London walikataa katakata kuwa kuna theluji karibu na Ikweta, na ubishi huo ulichukua miaka. Hao walikuwa na neno na hawakuwa na kitu. Mtu wetu alikuwa na kitu na hakuwa na neno, kwani theluji ni neno la Kiarabu ambalo halikuwa na kazi Pwani. Lakini aliyesoma chuoni atakumbuka kuwa barafu ile ya mawinguni, mvua ya mawe, kwa Kiarabu ni baradi, na neno hilo limo katika Suratun-Nur, tena limetajwa pamoja na milima. Kwa hiyo mimi simcheki kiongozi yule hata kidogo.

Tulifika kileleni karibu na saa saba. Mandhari? Palikuwa na weupe mtupu. Tulitia udhu kwa maji ya chupa yaliyokuwa kama sindano vidoleni. Mpwa wangu alitoa simu kutafuta Kibla, lakini simu haikuwa na mtandao, na nahodha akaudhika. "Mjukuu wa mabaharia," alimwambia, "kusi iweke mgongoni, utakuwa umeelekea kaskazini. Huko ndiko." Tukaswali Adhuhuri upepo ukitusukuma kwa nyuma. Mzee, ambaye si wa dini yetu, alikaa kando juu ya jiwe akitungoja, kofia mkononi.

Tulipokuwa tunagawana mahamri na chai ya chupa, wingu lilipasuka. Ilikuwa kama mtu aliyefungua dirisha. Nyika yote ikalala chini yetu, ya rangi ya simba, na kwa mbali milima ya Sagalla na Taita, na upande wa kaskazini mstari mwembamba uliokwenda sawasawa kama uliopigwa kwa rula: reli. Hapo ndipo mwalimu alipoweka kikombe chini na kusema sababu iliyomleta.

Mwaka 1914, vita vikuu vilipoanza, Wajerumani wa Tanganyika waliiteka Taveta. Shabaha yao ilikuwa reli ya Mombasa, na yeyote aliyekaa juu ya Kasigau aliiona reli hiyo kama sisi tulivyokuwa tunaiona. Waingereza waliweka kituo hapa. Katikati ya mwaka 1915 kituo hicho kilishambuliwa na kutekwa. Waingereza wakasema wenyeji ndio waliowaonyesha Wajerumani njia. Mwezi wa Agosti waliwakusanya watu wa mlima, wanaume, wanawake, watoto na vikongwe, wakazichoma nyumba zao, wakawahamisha wote. Wakapelekwa Malindi. Mlima ulibaki mtupu, na Wajerumani wakaukalia mwishoni mwa mwaka huo huo mpaka mwanzoni mwa 1916. Wenyewe hawakuruhusiwa kurudi kwao hadi miaka ya 1930. Wengi hawakurudi, kwa kuwa walikuwa wamekwisha kufa huko.

"Nimesomesha historia Malindi miaka thelathini," alisema mwalimu. "Hili nililisoma nikiwa nimestaafu."

Mzee alikuwa amesikiliza bila ya kupepesa. Alisema bibi yake, mzaa baba, alikuwa mmoja wao; bi harusi wa mwaka mmoja, na ana mimba. Alipokuwa mtu mzima sana alikuwa akiwasimulia wajukuu jikoni, wakati wa baridi kama huu, moto ukiwaka.

"Hakusema juu ya kupigwa," mzee alisema. "Hakusema juu ya njaa, ijapokuwa njaa ilikuwako. Alisema Malindi hapakuwa na mahali pa kupata baridi. Usiku wake ulikuwa kama mchana. Alisema mtu akilala anatoka jasho, akiamka anatoka jasho, kisha homa inakuja naye anatetemeka, na huko kutetemeka kukawadanganya watoto wakadhani wamerudi nyumbani."

Hatukuweza kusema kitu. Kwetu sisi baridi ni adhabu. Tunavaa sweta Mombasa ikishuka kidogo tu. Kwao ndiyo iliyokuwa ngome. Mbu wa pwani hawakuwa wakiishi katika ukungu ule, na damu za watu wa mlimani hazikuijua homa yake kama zilivyoijua za kwetu.

"Mtoto wake wa kwanza alizaliwa huko, akazikwa huko," mzee aliendelea. Kisha akamgeukia mwalimu, kwa adabu kabisa, kama mtu anayeuliza njia. "Mwalimu, wewe ni mtu wa Malindi. Makaburi yetu yako upande gani?"

Mwalimu alivua miwani akaifuta, ingawa ukungu ulikuwa umeondoka. Alisema hajapata kuonyeshwa. Mji wake unaujua mnara wa Vasco da Gama, nao hupigwa picha kila siku ya Mungu. Unajua pia twiga aliyepelekwa Uchina mwaka 1415. Watoto wa shule hujibu maswali juu ya twiga yule. Juu ya watu wa mlima mzima walioletwa kwa nguvu na kuzikwa katika mchanga wake, yeye hajapata kuliona swali hata moja.

Akatoa daftari. Aliandika jina la bibi, jina la ukoo, na kijiji. Aliuliza jina la mtoto. Mzee alifikiri kidogo, akasema bibi hakuwa akimtaja kwa jina; alimwita "yule wa chini".

Wingu lilirudi kufunga dirisha lake tukaanza kuteremka. Magoti yalilia kuliko wakati wa kupanda, na nahodha sasa ndiye aliyekuwa nyuma. Tulifika Rukanga saa kumi na moja jioni. Mpwa wangu alitaka kumrudishia mzee shuka aliyoazimwa msituni, mzee akakataa, akasema ataichukua mwenyewe.

Mwalimu amenipigia simu mara mbili tangu siku hiyo. Anawazungukia wazee wa Malindi, misikitini na sokoni, akiwauliza kama waliwahi kusikia kwa baba zao habari za watu walioletwa kutoka Kasigau. Wengi hutikisa kichwa. Mmoja amemwambia arudi, atamwuliza dada yake mkubwa. Mzee naye ametuma salamu kwamba atakuja. Tulimwambia aje sasa, kabla kipupwe hakijaisha, asisumbuke na jua. Amekataa. Anataka kuja wakati wa kaskazi, mwezi wa Februari, joto likiwa juu kabisa.

Mwalimu amekwisha mtengea chumba.