Sakafu ya Nyumba ya Mawe

Somo letu la leo ni sakafu ya nyumba. Sikilizeni kwanza, kisha someni wenyewe polepole.

Tuseme yuko mzee mmoja wa Mji Mkongwe, Unguja, aliyestaafu kazi. Amepokea kiinua mgongo chake. Anakaa ghorofani pamoja na mkewe, binti yake na wajukuu. Sakafu imepasuka. Bibi akifagia asubuhi, jioni vumbi limerudi. Wajukuu wakikimbia, chembe za chokaa humwangukia jirani wa chini. Bibi asema, "Bwana, tutie saruji na marumaru, tupumzike." Je, shauri hili ni jema? Natulitazame.

Sakafu ya kale ilijengwa hivi. Boriti za mikoko zililazwa kutoka ukuta mmoja mpaka wa pili. Boriti hizo si ndefu, ndiyo sababu vyumba vya nyumba za kale ni vyembamba, kadiri ya mita 3 hivi. Juu ya boriti yalipangwa mawe ya matumbawe. Juu ya mawe ikatiwa kokoto na chokaa, ikapigwapigwa kwa vipande vya miti mpaka ikashikana. Kazi hiyo ndiyo kusakifu.

Sasa tufanye hesabu. Saruji iliyochanganywa na mchanga, yenye unene wa sentimita 5, ina uzito wa karibu kilo 100 katika kila mita 1 ya mraba. Chumba chenye upana wa mita 3 na urefu wa mita 6 kina mita 18 za mraba. 18 mara 100 ni kilo 1,800. Huo ni uzito wa magunia 36 ya mchele, ya kilo 50 kila moja. Na marumaru bado hatujazipima! Uzito wote huo utabebwa na boriti.

Tena kuna unyevu. Chokaa huacha unyevu utoke, saruji huuzuia. Maji ya chooni yakivuja chini ya saruji, hayaonekani. Huenda mpaka kwenye ncha za boriti ndani ya ukuta, na boriti huoza kimyakimya. Juu marumaru zinang'aa. Chini mauti yanangoja.

Basi mzee wetu afanyeje?

Kwanza, atafute maji yanatoka wapi, kwenye bomba, chooni au paani, akayazuie.

Pili, ashuke chini na fundi, wazitazame boriti. Fundi achome msumari karibu na ukuta. Ukiingia kama katika ndizi mbivu, boriti imeoza, nayo hapana budi ibadilishwe.

Tatu, tabaka la zamani lililolegea liondolewe kabla ya kutia jipya, na jipya liwe la chokaa.

Nne, kabla ya kazi aombe ruhusa kwa Mamlaka ya Mji Mkongwe, iliyoundwa mwaka 1985.

Ikiwa wewe wakaa Makunduchi au Mkokotoni, na sakafu yako imelala juu ya ardhi, uzito wa saruji haukutishi, maana ardhi ndiyo inayoubeba.

Nyumba ya mawe yataka kuangaliwa kila mwaka, kubwa au ndogo. Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883 zama za Sultani Barghash, sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020, mchana, watu wakiona.

Kiinua mgongo hupokewa mara moja tu. Afadhali kitumike kwanza kwenye boriti zisizoonekana na wageni. Marumaru zaweza kungoja. Mkeka mzuri wa ukindu watosha kwa sasa, na wajukuu watalala salama.

Maswali
1. Kwa nini vyumba vya kale ni vyembamba?
2. Chumba cha mita 3 kwa mita 4 kitabeba kilo ngapi za saruji?
3. Nyumbani kwako, maji yanavuja wapi?