Kupandisha Spidi ya Kompyuta ya Zamani: Mipaka na Amana

 

Wanafunzi huniuliza mara kwa mara: "Ustadhi, mbona kompyuta ya madrasa ni nzito? Haiwezi kuongezwa spidi?" Jibu ni kwamba inawezekana, lakini ina mipaka. Mipaka hiyo mimi niliijua kwa kuivuka.

Spidi inatoka wapi?

Ndani ya kompyuta kuna ubao mkubwa unaobeba prosesa, yaani kile kipande kinachofanya hesabu zote. Ubao huo una mapigo kama ya moyo, nayo hupimwa kwa megahezi. Megahezi moja ni mapigo milioni moja kwa sekunde. Prosesa huyachukua mapigo ya ubao na kuyazidisha. Kwa mfano, Celeron 300A ya Intel, iliyotoka mwaka 1998, ilizidisha mapigo 66 mara nne na nusu, ikapata megahezi 300. Kizidisho kilifungwa kiwandani, lakini mapigo ya ubao yaliweza kupandishwa. Watu wakaweka 100, na nyingi katika prosesa hizo zikafika 450. Tangu hapo vijana wengi wenye kompyuta za zamani wametamani kujaribu.

Mipaka mitatu

Kwanza, joto. Prosesa ikienda mbio hula umeme zaidi, na umeme huo wote hugeuka joto. Ukiongeza mwendo kwa asilimia 20 na volti kwa asilimia 10, joto huzidi kwa takriban asilimia 45. Feni nayo hupoza kwa hewa ya chumbani tu. Hapa kwetu mchana hewa hiyo yenyewe ni ya moto, na vumbi la kiangazi huziba njia yake.

Pili, prosesa yenyewe. Kila hesabu inahitaji muda wake kukamilika. Pigo jingine likifika kabla haijakamilika, jibu huwa kosa. Mwaka 2000 Intel wenyewe walilazimika kuiondoa sokoni Pentium III ya megahezi 1,130, kwa kuwa ilikosea katika baadhi ya kazi. Ikiwa mwenye kiwanda alifika mpaka, sisi je?

Tatu, ubao. Katika mbao nyingi za zamani, mapigo hayohayo huendesha pia njia ya diski, ambayo kipimo chake ni megahezi 33. Mapigo ya ubao yakiwa 66 hugawanywa kwa mbili, na yakiwa 100 hugawanywa kwa tatu, hivyo diski husalimika. Ukiweka 83 na ubao ukaendelea kugawa kwa mbili, njia ya diski hupanda hadi 41.5. Hapo maandishi huharibika kimyakimya.

Yaliyonikuta

Mwaka 2006 nilikuwa mwanafunzi, na madrasa yetu ilikuwa na kompyuta moja ya waqfu, Celeron ya megahezi 366. Bila kumuuliza mtu nilipandisha mapigo kutoka 66 hadi 83, ikafika 456. Nikafurahi kwa siku mbili. Siku ya tatu faili la matokeo ya mtihani halikufunguka, na nakala nyingine haikuwepo. Watoto wadogo walirudia mtihani kwa sababu yangu. Ustadhi wangu hakunipiga. Aliniuliza tu: "Nani alikuruhusu?" Likizo ile nilibeba dagaa mwaloni mpaka nikapata fedha ya kumlipa fundi.

Tunajifunza nini?

Katika fiqhi tunasoma kwamba aliyekabidhiwa amana halipi ikiharibika bila ya uzembe wake. Akivuka alichoruhusiwa, analipa. Kitu cha waqfu ni zaidi ya hapo, kwani kimewekwa kibaki na kiwanufaishe wengi. Basi asiichezee kwa kujaribu.

Kompyuta ikiwa nzito, mara nyingi dawa si mwendo wa prosesa. Izime, chomoa waya wa umeme, pangusa vumbi. Ongeza RAM kama ubao unakubali, na tumia programu nyepesi. Tazama pia vile vikopo vidogo vya kapasita juu ya ubao: vikiwa vimevimba, ubao umechoka, usiuongezee mzigo.

Mwenye kompyuta yake mwenyewe akitaka kujaribu, atoe kwanza nakala ya kazi zake na kuiweka pengine. Apandishe kidogokidogo, asiguse volti, na akiona kosa hata moja arudi chini.

Mwenyezi Mungu atujaalie elimu yenye manufaa na atufanye wenye kuchunga amana. Amin. Wabillahi tawfiq.