Kabla ya kuuza shamba uende Uarabuni, piga hesabu

BEI ya mazao inapoanguka na wateja wanapoadimika dukani, wengi huanza kuwaza safari ya Uarabuni. Wapo wanaouza hata shamba ili wapate nauli na ada ya wakala. Uamuzi huo unahitaji hesabu kama biashara nyingine yoyote.

Machi 2021, kwa mfano, Qatar ilianza kutumia kima cha chini cha mshahara cha riyali 1,000 kwa mwezi, wafanyakazi wa nyumbani wakiwemo. Hizo ni takriban dola 275 za Marekani, yaani kama dola 6,600 kwa mkataba wa miaka miwili. Toa nauli, ada na matumizi, kisha linganisha na faida ya shamba kwa muda huo huo.

Chunguza pia sheria ya huko uendako. Mwaka 2020 Qatar iliondoa sharti la kupata ridhaa ya mwajiri kabla ya kubadili kazi. Saudi Arabia ililegeza sharti kama hilo Machi 2021, lakini mabadiliko hayo hayakuwahusu wafanyakazi wa nyumbani.

Anayekosa nauli ni heri akodishe shamba kuliko kuliuza. Mkataba ukivunjika, atakuwa na pa kurudia.