Mafundo ya Namba kwenye Skrini ya Simu

Namba kubwa ikihifadhiwa ndani ya simu haina mkato wala nafasi. Ni mfuatano wa 0 na 1 tu. Mkato huingia mwishoni kabisa, namba inapogeuzwa kuwa maandishi ya kusomwa, na kazi yake ni kulisaidia jicho. Binadamu hutambua vitu vitatu au vinne kwa kutupa jicho mara moja; vikizidi hapo huanza kuhesabu. Ndiyo maana 1500000 na 150000 hufanana mpaka sifuri zihesabiwe kwa kidole, ilhali 1,500,000 na 150,000 hazifanani hata kidogo.

Kuitaja alama hii kwa Kiswahili kuna kazi. Jina lililopo, kitenganishi cha maelfu, ni refu na halisemi kweli yote: katika 1,250,075 alama ya kwanza hutenga milioni na maelfu, na ya pili ndiyo inayotenga maelfu na mamia. Mkato nao ni jina la umbo, si la kazi. Mjerumani hufanya kazi hiyo hiyo kwa nukta, Mswisi kwa ritifaa, ile ya ng'ombe, na Mfaransa kwa nafasi nyembamba. Kipanga-tarakimu kingefaa, isipokuwa kipanga tayari ni ndege. Neno linalofaa zaidi liko shambani: fundo. Muwa una mafundo, na kati ya fundo na fundo kuna pingili.

Namba basi ni muwa uliolazwa, shina likiwa kulia na ncha kushoto. Pingili huhesabiwa kutoka shinani: tarakimu tatu, fundo, tatu tena, fundo. Pingili ya nchani ndiyo pekee inayoruhusiwa kupungua, ikawa na tarakimu moja au mbili, kama ilivyo kwa muwa wenyewe, ambao pingili zake hufupika kuelekea juu. Anayeanza kukata nchani atapata 125,007,5, muwa usiouzika. Kompyuta huukata kwa kugawanya kwa 1,000. Namba 1,250,075 hutoa 1,250 na baki 75; 1,250 hutoa 1 na baki 250. Baki hizo, pamoja na ile 1 ya mwisho, ndizo pingili. Hapa ndipo linapojificha kosa la wanaoanza: 75 ikiandikwa ilivyo, skrini huonyesha 1,250,75. Kila pingili isiyo ya nchani lazima ijazwe sifuri mpaka itimize tatu: 075.

Si lazima kila mwandishi wa programu ashike panga mwenyewe. Android ina NumberFormat, iPhone ina NumberFormatter, na desturi za kila lugha na nchi zimekusanywa katika hazina ya CLDR inayotunzwa na taasisi ya Unicode. Humo kila desturi ni kielelezo kifupi, kama #,##0. Alama ya # ni nafasi ya tarakimu ikiwapo. 0 ni nafasi isiyoachwa tupu, ili salio la sifuri lionekane. Kielelezo cha India ni #,##,##0: pingili ya shinani ina tarakimu tatu, zinazofuata mbili mbili, kwa sababu huko hesabu hupanda kwa laki. Kiswahili kilichukua neno laki na kuliacha fundo lake. Msemaji hutamka laki mbili na nusu, lakini huandika 250,000. Ni Mhindi, anayeandika 2,50,000, ambaye mkato wake huangukia pale pale ulimi unapopumzika. Ndani ya Kiswahili chenyewe hazina hiyo ina desturi mbili: Tanzania na Kenya hutumia mkato kwa mafundo na nukta kwa desimali, Kongo kinyume chake.

Uhondo wenyewe uko kwenye kisanduku cha kuandikia, pale mafundo yanapotakiwa kujipanga upya kila tarakimu inapobonyezwa. Kisanduku kina 450,000. Kishale, kile kijistari kinachowaka na kuzimika, kimewekwa kati ya 4 na 5, na mtumiaji anataka kuingiza 2 kisha 7. Akibonyeza 2, namba huwa 4,250,000. Kishale kikae wapi? Msimbo unaohesabu kutoka kushoto husema: kilikuwa baada ya herufi moja, sasa kiwe baada ya mbili. Lakini herufi ya pili sasa ni mkato uliozaliwa punde, hivyo kishale husimama kabla ya 2, na 7 ikibonyezwa namba huwa 47,250,000. Iliyokusudiwa ni 42,750,000. Tofauti ni milioni nne na nusu, na hakuna aliyekosea kubonyeza.

Dawa ni kuhesabu kutoka shinani. Kabla ya kubonyeza, kulia kwa kishale kulikuwa na tarakimu tano: 5 na sifuri nne. Tarakimu mpya huingia kushoto kwa kishale, hivyo tano hizo haziguswi, na kwa kuwa mafundo hupimwa kutoka kulia, yaliyo kati ya hizo tano hayasogei. Muwa ukiongezwa pingili nchani, shina halina habari. Basi kishale kirudishwe mahali penye tarakimu tano kulia, kati ya 2 na 5, na 7 itaangukia mahali pake.

Kufuta kuna mtego wake. Kishale kikiwa mara baada ya mkato katika 1,250, kitufe cha kufuta huondoa mkato, msimbo huurudisha papo hapo, na kitufe huonekana kimekufa. Inapaswa kufutwa tarakimu iliyo nyuma ya mkato, yaani 1.

Kuisoma namba upya kutoka kwenye maandishi huhitaji desturi ile ile iliyoiandika. Rial ya Oman ina baisa 1,000, kwa hiyo huandikwa kwa desimali tatu: 1.500 ni rial moja na nusu. Msimbo uliowekewa desturi ya Ujerumani huisoma elfu moja na mia tano. Kwa hiyo kinachohifadhiwa na kutumwa ni namba tupu. Mafundo hutiwa kwenye skrini tu.