Picha Isiyoungua

Je, wajua kwamba picha iliyochapwa kwa printa ya ofisini yaweza kuingia kwenye tanuri la nyuzijoto 800 ikatoka na sura yake kamili?

Siri ni chuma. Printa ya leza haitumii wino wa majimaji. Hutumia tona, unga mkavu wa plastiki uliotiwa weusi. Katika printa nyingine weusi huo ni kaboni, ambayo haifai kwa kazi hii kwa sababu huteketea motoni. Lakini zipo ambazo tona yake ina oksidi ya chuma, iliyotiwa ili unga uvutwe na sumaku ndani ya mashine. Mafundi wa vito wakaiona hazina hiyo.

Fundi hufunika kipande cha shaba cha kidani kwa enameli nyeupe, yaani kioo kilichosagwa, akakichoma mpaka kioo kiyeyuke na kushika. Mgongoni pia hupaka, la sivyo kioo hupasuka shaba inaposinyaa kwa kupoa. Picha huchapwa kwenye karatasi maalumu yenye utando unaobanduka majini, kisha utando huo hutelezeshwa juu ya kioo. Hapa ndipo penye kazi. Maji na hewa vyote visukumwe nje taratibu kwa ncha ya kidole, na kipande kikauke kabisa. Tone likibaki chini hugeuka mvuke, likatoboa shavu la bibi wa watu pichani.

Motoni, utando na plastiki hutoa moshi na kuisha. Kioo hulainika na kuzishika chembe za chuma. Kidani hutoka kikiwaka wekundu, picha haionekani vizuri. Kikianza kupoa, nyusi hujitokeza, kisha macho, kisha ushungi, vyote kwa rangi ya kutu. Na kutu nayo ni oksidi ya chuma. Kwangu mimi, hakuna dakika tamu kuliko hiyo katika ufundi huu wote.

Rangi nyingine za printa, buluu au waridi, aghalabu hufifia au hupotea. Anayezitaka hushika brashi akapaka enameli za rangi juu ya mistari. Ndivyo walivyofanya hata mafundi wa kiwanda cha York House, Battersea, jijini London, kati ya 1753 na 1756: picha iliyochongwa kwenye bamba la shaba ilipakwa wino, ikachapwa kwenye karatasi, ikahamishiwa kwenye enameli, na mara nyingi rangi zikaongezwa kwa mkono.